Shajara ya mradi: naingia sinema ya Kikorea nikitokea sifuri

6 Januari 2024. Naanza

Naandika hii kwa yeyote anayetaka kuingia kwenye muvi za Kikorea na hajui ashike wapi, maana mimi nilitafuta mtu wa kunielekeza kwa Kiswahili cha kawaida nikakosa, nikasema basi najiandikia mwenyewe nikienda, atakayekuja nyuma atapita njia iliyofyekwa kidogo. Sio kwamba Korea ni ngeni kwetu. Jumong tumeiangalia wote, tena kwa sauti ya DJ anayetafsiri juu ya picha, watoto wa mtaani kwetu walikuwa wanatengeneza pinde za fito na kupeana vyeo vya ujenerali. Ila ile ni tamthilia. Muvi nilikuwa nimeona mbili tu, Parasite na Train to Busan, zote nusu naangalia nusu nachati.

Mpango: muvi 20 mpaka mwisho wa Aprili, Ijumaa na Jumamosi usiku, simu nimeiweka mbali, na daftari pembeni. Nimeenda kwenye kibanda cha kuwekea muvi na orodha ya kumi nilizozikuta zinasifiwa huko mtandaoni.

Gharama: flashi ya GB 32 sh. 15,000, kuwekewa muvi kumi sh. 5,000. Jumla 20,000.

14 Januari. Nimefeli wiki ya kwanza, karibu yote

Kati ya zile kumi, mbili ni vipande vya tamthilia vilivyopewa jina la muvi. Moja imeingizwa sauti za Kiingereza juu, midomo inasema vingine, maneno mengine, na sauti ya yule mzee ni ya kijana wa miaka 25 anayejikaza. Kosa langu, sikukagua kabla ya kulipa. Siku hizi nafungua kila faili pale pale kibandani, naruka mpaka katikati, nasikiliza lugha, ndio natoa hela.

Kubwa zaidi ni Oldboy. Niliitaka ile ya 2003 ya Park Chan-wook, iliyochukua tuzo ya Grand Prix kwenye tamasha la filamu la Cannes 2004. Nimekaa dakika ishirini naangalia Wamarekani watupu, najisemea labda Wakorea wanakuja mbele, kumbe nimewekewa ile ya 2013 iliyorudiwa Marekani na Spike Lee. Kwahiyo jifunzeni kwangu: andika jina, mwaka NA mwongozaji. Ukitaja jina peke yake utapigwa. The Housemaid nayo ziko mbili, ya 1960 na ya 2010, ni dunia mbili tofauti kabisa.

Oldboy ya kweli nimeipata Jumamosi. Ile ngumi ya kwenye korido kamera inatembea kwa ubavu tu bila kukatwa, na jamaa anapigana anachoka kabisa, anahema, anaanguka, anaamka, yaani sio kama staringi tuliyemzoea anayepiga watu thelathini na shati halijachomoka. Kosa: niliiangalia sebuleni. Shemeji akapita wakati staringi Choi Min-sik anakula pweza mzima mzima, mikono ya pweza inamkamata puani, akaniuliza kama niko sawa. Baadaye muvi ikafika kule inakofika mwishoni (walioiona wanajua) na nikashukuru kwamba kila mtu alishalala. Sio ya sebuleni hii. Wala sio ya kuanzia.

Ya tatu ilikuwa The Wailing ya Na Hong-jin, 2016. Dakika 156. Nimeanza saa tano usiku, nimeamka saa saba nikakuta mganga anacheza ngoma na mbuzi amechinjwa na sijui nani yuko upande wa nani. Daftarini nimeandika neno moja, "haieleweki", nikalifuta, nikaandika "nilisinzia", maana huo ndio ukweli.

27 Januari. Vita ya sabtaito

Wiki mbili zimeishia hapa kwahiyo naeleza kwa kirefu, hii ndio sehemu itakayomkwamisha mtu.

Muvi nyingi za kibandani zinakuja bila sabtaito, au nazo zimechelewa. Unaona mtu anapigwa kofi, sekunde tatu baadaye ndio yanatokea maandishi ya tusi lililosababisha kofi. Rekebisho la kwanza ni rahisi: kwenye VLC (programu ya kuchezea muvi) ya kompyuta bonyeza G kuwahisha sabtaito, H kuichelewesha, kila bonyezo ni sekunde kidogo sana (milisekunde 50), kwahiyo unabonyeza mara nyingi kama unapampu baiskeli. Faili la sabtaito lipe jina lile lile la muvi na liweke kwenye folda moja, VLC italikamata yenyewe.

Nikarekebisha, ikakaa sawa, nikafurahi. Dakika chache mbele ikachelewa tena. Nikarekebisha tena. Ikachelewa tena. Nimebonyeza G usiku mzima mpaka nikahisi laptop ina jini. Kumbe shida sio kuchelewa, shida ni mwendo: faili la sabtaito lilitengenezwa kwa ajili ya kopi ya picha 23.976 kwa sekunde na muvi yangu inakwenda 25, kwahiyo pengo linakua kadiri muvi inavyosonga, kama saa inayopoteza dakika. Ukiona hivyo usihangaike na H na G. Tafuta faili lingine linalolingana na kopi yako, angalia jina refu la faili la muvi, yale maherufi mwishoni ndiyo ya kufananisha. Faili nne nilizojaribu, la nne likakubali.

Tatizo la pili ni majina. Kim, Lee na Park peke yao ni karibu nusu ya Wakorea wote, na jina la ukoo linatangulia, kwahiyo "Kim" wanne kwenye muvi moja sio ndugu. Nilikuwa nachora ukoo daftarini nikachanganyikiwa zaidi. Kilichonisaidia ni kushika uso mmoja tu nikaufuata: Song Kang-ho. Yumo Joint Security Area (JSA, 2000), yumo Memories of Murder (2003), The Host (2006), A Taxi Driver (2017), yumo Parasite (2019). Ukishamzoea yeye, wengine wanajipanga wenyewe pembeni yake.

Gharama ya wiki hizi: bando sh. 6,000 la kutafutia mafaili. Jumla 26,000.

10 Februari. "Muvi haina mwisho"

Memories of Murder ya Bong Joon-ho. Wanawake wanauawa kijijini mwaka 1986, polisi wa pale pale wanapiga watuhumiwa mateke mpaka wakiri, anakuja mwingine kutoka Seoul na mafaili yake na akili zake, na mimi nikakaa nasubiri muuaji akamatwe. Hakamatwi. Song Kang-ho anaangalia kamera, anakuangalia wewe, imekwisha. Nilikasirika, nimeandika daftarini nukuu ya mdogo wangu aliyekuwa pembeni: "sasa tumeangalia nini?"

Halafu nikasoma. Mauaji ya Hwaseong ni ya kweli, 1986 mpaka 1991, na mwaka 2003 muvi inatoka muuaji alikuwa bado hajulikani. Ule mtazamo wa mwisho ulikuwa unamtafuta yeye, kama amekuja sinema kujiangalia. Akapatikana 2019 kwa DNA, na kumbe alikuwa gerezani tangu 1994 kwa kumuua shemeji yake. Akakiri. Alipoulizwa mahakamani 2020 kuhusu muvi alisema ameiona, na hakuhisi chochote. Na kuna mtu mwingine alikaa jela miaka 20 kwa mojawapo ya mauaji yale, akasafishwa jina Desemba 2020. Nikarudia kuiangalia usiku ule ule na ile mijitu inayopiga mateke watuhumiwa haikunichekesha tena kama mara ya kwanza.

Lakini kuna kipande kimoja kilinisumbua zaidi. Polisi wanajua usiku huu muuaji atatoka, wanaomba askari wa kuongeza nguvu, wanajibiwa hakuna, wote wamepelekwa kuzuia maandamano. Maandamano gani? Muvi haisemi. Haina haja ya kusema, Mkorea aliyekaa pale sinema anajua, wazazi wake walikuwepo. Mimi ndio nimeingia kwenye maongezi ya familia ya watu katikati, nawacheka wanaponuna na kununa wanapocheka.

2 Machi. Nimebomoa orodha, nimepanga upya

Orodha zote nilizokuta zinapanga kwa ubora, au kwa mwaka muvi ilipotoka. Nimezitupa. Nimepanga kwa mwaka ambao hadithi yenyewe inatokea, kama kijiti cha mbio za kupokezana, na hiki ndicho kitu kimoja kwenye mradi huu ningependa mtu anakili kama kilivyo:

The Man Standing Next (ilitoka 2020). Oktoba 1979, Rais Park Chung-hee aliyeingia kwa mapinduzi 1961 anauawa kwa risasi mezani na mkuu wake mwenyewe wa usalama. Halafu 12.12: The Day (2023), wiki saba baadaye, usiku wa Desemba 12, majenerali wanapindua. Halafu A Taxi Driver (2017), Mei 1980, jeshi linawapiga risasi watu wa Gwangju. Halafu Memories of Murder, 1986. Halafu 1987: When the Day Comes (2017), mwanafunzi anafia mikononi mwa polisi Januari 1987 na polisi wanatangaza kwamba afisa alipiga meza "tak!" na kijana akasema "eok!" akafa. Nchi nzima ikaingia barabarani.

Nimeziangalia tano hizo kwa wiki tatu na kila moja inakabidhi inayofuata. Waongozaji ni tofauti wote, wala hawakupanga hivyo, lakini ukimaliza ya pili na hasira zako ukaingia ya tatu, unajua ile amri ya risasi inatoka kwa nani.

12.12 ndiyo iliyonivunja mazoea. Tumekua tunajua staringi hafi, na akifa basi ameshinda kwanza. Hapa staringi ni jenerali mwadilifu anayejaribu kuzuia mapinduzi, anapiga simu usiku kucha, kila anayempigia ama anaogopa ama ameshajiuza, na unajua kabisa atashindwa kwa sababu historia imeshasema, na bado nilikuwa nimesimama wima chumbani namwelekeza afunge daraja. Watazamaji zaidi ya milioni 13 waliilipia kule Korea. Milioni 13 walioingia wanajua mwisho!

A Taxi Driver nayo, dereva wa Seoul anadaiwa kodi ya miezi minne, anasikia mzungu atalipa vizuri kupelekwa Gwangju, anamwibia mwenzake dili. Yaani hilo tu ndilo linalompeleka kwenye historia, kodi. Anakimbia, anafika mji wa pili, ananunua viatu vya binti yake, na anaporudi kwenye usukani anaanza kuimba huku sauti inamkatika, mpaka anageuza gari. Mwandishi wa habari wa kweli, Mjerumani Jürgen Hinzpeter, alimtafuta dereva wake miaka na miaka, akafariki Januari 2016 bila kumpata. Muvi ilipotoka ndio mtoto wa dereva akajitokeza: baba yake alishafariki tangu 1984.

Kosa la hatua hii: nilitaka kuanza na Peppermint Candy ya Lee Chang-dong kwa sababu inapita miaka yote hiyo, 1999 mpaka 1979. Lakini inarudi kinyumenyume, mwanaume anasimama kwenye reli mbele ya treni anapiga kelele kwamba anataka kurudi, na hadithi inarudi kweli. Kama hujui nini kilitokea 1980 utaona mwanajeshi mmoja anaogopa gizani basi. Niliiacha dakika ya 40, nikairudia baada ya zile tano. Iwe ya sita.

Gharama: kuwekewa 5,000 (kumi nyingine, nimekagua zote), bando 8,000. Jumla 39,000.

17 Machi. Hasara

Fupi. Nilifungua muvi moja kwenye intaneti, nikapitiwa na usingizi, ikajichezea yenyewe inayofuata na inayofuata mpaka daku, kwa ubora wa 1080. Limekwenda bando la 9GB la sh. 18,000. Zima kule kujiendeleza yenyewe, weka 480, kwenye skrini ya laptop hutaona tofauti ya maana. Jumla 57,000 na imeniuma.

Siku zile za kukaa bila bando nikasoma nilichokuwa nimehifadhi. Mpaka 1996 serikali ilikuwa inakagua muvi kabla hazijatoka, mwaka huo mahakama ya katiba ikasema ni kinyume cha katiba, na mwaka huo huo tamasha la filamu la Busan likaanza. 1999 muvi ya kijasusi Shiri ikaipita Titanic kwao wenyewe. Na majumba ya sinema yalikuwa yanalazimishwa kuonyesha muvi za nyumbani siku 146 kwa mwaka, zikapunguzwa mpaka 73 mwaka 2006 wakati wa mazungumzo ya biashara na Marekani, wasanii wakaingia barabarani, yule yule mla pweza alisimama na bango peke yake. Nimeacha kujiuliza wamefikaje walipofika.

30 Machi. Msikilize "yo"

Nimerudia Parasite. Ya kwanza kwa lugha isiyo Kiingereza kuchukua Oscar ya muvi bora, Februari 2020, hiyo kila mtu anaijua. Nataka kuongelea kitu kidogo.

Kikorea kina lugha mbili ndani ya moja. Kuna ya heshima, jondaenmal, na kuna ya rika na walio chini yako, banmal. Njia ya mkato kwa sisi tusiojua lugha: sikiliza mwisho wa sentensi. Ikiishia na "yo" au "mnida" mtu anaheshimu au anajilinda. "Yo" ikipotea ghafla, kuna jambo limetokea, shika kiti. Sabtaito za Kiingereza haziwezi kuonyesha hili, wenyewe wana "you" moja tu kwa mkwe na kwa mtoto. Sisi tunaoamkia shikamoo tunalidaka haraka, mtu mzima akiamkiwa "mambo" na kijana, meza nzima inanyamaza. Hata kupokea kitu kwa mikono miwili, kugeuza uso pembeni unapokunywa mbele ya mkubwa, mtu wa kwetu haulizi kwa nini.

Sasa rudi kwenye Parasite na masikio hayo. Yule dada wa kazi wa zamani anapopiga magoti kule chini, anamwita mwenzake aliyechukua kazi yake eonni, dada yangu mkubwa, anajishusha mpaka sakafuni, anajibiwa usiniite dada. Dakika chache baadaye ameshika simu yenye video yao na adabu yote imeyeyuka, ndiye anayeamrisha. Vyeo vimegeuka na hakuna aliyevaa nguo tofauti. Tajiri naye anamsifu dereva kwamba anakaribia mstari ila havuki, na dereva, akiwa kwenye usukani, anauliza "lakini unampenda mke wako, sivyo?" Mara ya kwanza niliona ni swali la kawaida. Sio la kawaida, ni swali ambalo dereva hamuulizi bosi, na analiuliza tena siku ya sherehe, na tunajua ile siku inaishaje.

Pia nimegundua sabtaito zenyewe zimetengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine. Ile tambi inayoitwa "ram-don" haipo Korea, ni neno alilolibuni mtafsiri Darcy Paquet. Wenyewe wanaiita jjapaguri, ni paketi mbili tofauti za tambi za bei rahisi zilizochanganywa pamoja, na mama mwenye nyumba anaagiza iwekwe nyama ya ng'ombe ya bei kali juu yake. Sawa na kuchukua maandazi ya jana ukayapaka zafarani. Na pale wanapotaja WhatsApp, Wakorea wanatumia KakaoTalk. Simlaumu, anafungulia mlango Wazungu. Ila ukijua, unaangalia muvi mbili kwa bei ya moja.

6 Aprili. Za zamani, za bure

Ugunduzi wa bei nafuu kuliko yote. Hifadhi ya filamu ya Korea imeweka YouTube muvi za zamani nzima nzima, kihalali, zina sabtaito, tafuta Korean Classic Film. 480, muvi moja inakula chini ya GB moja.

Nilichelewa kuja huku kwa sababu nilidhani nyeusi na nyeupe ni kazi ya shule. Nimeangalia mbili. The Housemaid ya Kim Ki-young, 1960: nyumba ya ghorofa, ngazi, dada wa kazi, sumu ya panya. Ukitoka Parasite ukaingia hii utaziona zile ngazi zilikotoka. Na mwishoni mwanaume anageukia kamera anaongea na wewe huku anacheka, nikakumbuka ule uso wa Song Kang-ho miaka 43 baadaye.

Ya pili ni Obaltan, 1961, ya Yu Hyun-mok, kwa Kiingereza Aimless Bullet. Karani anaumwa jino, hana hela ya kuling'oa, au anayo kidogo na watoto wana njaa. Mama yake amelala chumbani vita ilishamchanganya akili, kila baada ya muda anapiga kelele "Gaja!", twende, twende, na hakuna pa kwenda, kwao kumebaki kaskazini. Jino lile limeniuma mimi. Ilipigwa marufuku baada ya mapinduzi ya 1961, na kopi iliyosalia ni ile iliyopelekwa tamasha la San Francisco, ndiyo maana sabtaito za Kiingereza zimechapwa juu ya picha yenyewe, hazitoki. Kwa mara ya kwanza sikubonyeza G.

Na nikajifunza kitu kikanifurahisha mpaka nikampigia simu mdogo wangu. Enzi za muvi zisizo na sauti, Korea chini ya Wajapani, pembeni ya skrini alikuwa anasimama mtu anaitwa byeonsa, anaeleza hadithi, anaigiza sauti zote, mwanamke, mzee, farasi, na watu walikuwa wanakwenda kumfuata byeonsa kama wanavyofuata nyota wa muvi. Sasa huyo si DJ? Huyo si Lufufu kabisa! Tumezoea kuambiwa muvi ya DJ ni ya kihuni, haina hadhi.

Gharama: bando 4,000. Jumla 61,000.

14 Aprili. Idi, Muheza, na ya 20

Nilikuwa nimebakiza moja kukamilisha 20 na nilikuwa kwa Bibi, Idi, umeme umekatika tangu asubuhi, laptop ina chaji asilimia 71. Nikafungua The Way Home ya Lee Jeong-hyang, 2002, ambayo nilishaiona mara moja mwezi uliopita bila kuihesabu. Bibi hajui Kiingereza wala hasomi maandishi madogo, kwahiyo DJ ni mimi.

Kama kuna muvi ya kujifunzia udijei ni hii. Mtoto wa miaka saba anatoka Seoul anaachwa kijijini kwa bibi yake, na bibi ni bubu. Hasemi neno muvi nzima. Aliyeigiza, Kim Eul-boon, alikuwa bibi wa kijijini kweli, hakuwahi kuona muvi maishani mwake. Mimi kazi yangu ilikuwa kumsemea mtoto tu, na mtoto mwenyewe maneno yake ni ya kudai na ya kutukana, betri za gemu yake zimekwisha, anaiba pini ya fedha ya bibi akauze apate betri, bibi anafunga nywele kwa kijiko.

Nilianza vibaya. Nilikuwa naeleza kila kitu, "sasa bibi anasikitika", "sasa wanakwenda sokoni". Bibi yangu akanikata: "Hilo naliona. Wewe niambie anachosema mtoto." Nikanyamaza, nikabaki na mtoto. Rekebisho hilo nalo liandikeni.

Kipande cha kuku. Mtoto anataka kuku wa Kentucky, anaonyesha kwa mikono, anaiga jogoo. Bibi anaelewa kuku, anatembea na mvua, anarudi na kuku mzima, anamchemsha. Mtoto anaangua kilio, sio huyu, sio huyu! Bibi wa kwetu akasogea karibu na skrini akamwangalia yule kuku vizuri ndani ya maji yake. "Kwani ana nini huyo kuku?" Nikamwambia mtoto alitaka wa kukaanga, wa dukani, wa mjini. "Na supu hii yote?" Shangazi akacheka mpaka kanga ikamdondoka. Bibi hakucheka, alikuwa amekasirika kweli, akasema huyo mama yake aliyemleta ndiye wa kuulizwa.

Na ile ishara, bibi wa kwenye muvi akitaka kusema samahani anazungusha kiganja kifuani. Hiyo sikuitafsiri. Mara ya tatu alipoifanya Bibi aliiona, akajibu kwa mdomo, "haya, yameisha", kana kwamba anamjibu jirani.

Laptop ikazima zikiwa zimebaki kama dakika kumi. Asilimia 71 za laptop yangu ni uongo, betri imekufa, niliijua na sikuja na pawa benki, kosa langu la mwisho kwenye mradi huu na ni la kijinga kuliko yote. Nikamalizia kwa mdomo gizani. Kwamba mtoto anaondoka kesho, na usiku anamfundisha bibi kuandika maneno mawili, "naumwa" na "nimekukumbuka", ili akishindwa kuandika barua awe anatuma hata karatasi tupu, naye atajua ni yeye. Na kwa kuwa bibi haoni vizuri, anakaa anamtungia nyuzi kwenye sindano, moja moja, zote, za kutumia akiwa hayupo.

Bibi hakusema kitu. Akaingia ndani, nikasikia anapekuapekua, akatoka na kopo la biskuti la zamani na koroboi. Akaliweka mapajani kwangu. Ndani kulikuwa na sindano kumi na moja na kibunda cha nyuzi nyeupe.

Gharama ya leo: hakuna. Jumla kuu sh. 61,000 kwa muvi 20, ukitoa lile bando la usingizini ni 43,000. Dakika kumi za mwisho Bibi atazimalizia Juni, na pawa benki.